Dereva Asiyeona Haya

Dereva alikuwa jirani yangu katika mtaa wa Gumbo, Juba, kwa miaka minne, na karibu muda wote huo tulifanya kazi kwenye gari moja. Nitamwita Dereva tu. Jina lake nalijua, lakini nimeshalitaja mara moja mbele za watu kwa namna niliyoijutia, na sitaki kurudia. Dada yake, Keji, aliniomba jambo moja. Alinishika mkono kwa nguvu kabla ya kulisema: "Daktari, mimi nataka kitu moja tu. Hii mtu isifungiwe. Ikae na watu." Nilimwahidi kwamba nitasaidia. Kwa hiyo ninayemwandika hapa ni mtu niliyeahidi kwamba atabaki kati ya watu, na nikiwa mkali katika maandishi haya, msomaji ajue ukali wenyewe sehemu kubwa unanihusu mimi.

Watu waliniita daktari, lakini mimi ni tabibu tu. Nilikulia Kenya, nikasomea huko, nikarudi Juba mkataba wa amani ulipokuwa bado mchanga na kila familia inatafuta mabati. Kazi niliyopata ilikuwa na kikosi cha kutegua mabomu yaliyozikwa kando ya barabara ya Nimule. Wateguaji walikuwa kumi na wawili. Kila mmoja alipewa njia yake yenye upana wa mita moja, akapiga magoti, akasogea kidogo kidogo kutwa nzima. Mawe yaliyopakwa rangi nyeupe yalionyesha palipo salama, mekundu, pasipokanyagwa. Nyuma yao, mbali kidogo, tulikaa mimi na Dereva na gari la wagonjwa. Sheria ya gari ilikuwa fupi: lielekee barabarani, ufunguo uwe mahali pake, na dereva asiende mbali kuliko filimbi inavyosikika. Kila asubuhi mkuu wa kikosi alituuliza sheria hiyo, na kila asubuhi Dereva aliijibu vizuri kuliko sisi wote.

Ikifika saa nne nageuka, kiti chake kitupu.

Mtu ambaye hajawahi kufanya kazi ile hawezi kujua kiti kitupu kinavyokausha mate. Watu kumi na wawili wako chini, nyuso zao ziko shubiri moja kutoka kwenye kifo, na wanayemtegemea kuwafikisha hospitali hayupo. Nilikuwa nakimbia barabarani kumtafuta huku nikijizuia kupiga kelele, maana mteguaji hashtuliwi. Mara namkuta anapiga soga na dereva wa lori kutoka Uganda, mara amekwenda kutazama mbuzi anachinjwa. Anarudi nami akicheka, ameniletea njugu mkononi.

"Daktari, wewe nafoka kwa nini? Bomu imelia?"

"Haijalia."

"Sasa?"

Nilimripoti, akakatwa siku za kazi. Akaripotiwa tena, akahamishiwa kubeba maji juani. Alibeba maji kwa furaha ileile. Adhabu kwake ilikuwa kama mvua: ikinyesha inalowesha, ikikatika imekatika, na hakuna mtu anayejiuliza ameikosea nini mvua.

Msinielewe vibaya, alikuwa mtu wa kupendwa. Alikuwa mrefu, ana meno mazuri, na hakuvua kofia ila kanisani. Kwenye kwaya aliimba sauti ya chini iliyofanya akina mama wafumbe macho. Watoto wa Gumbo walimkimbilia. Alipoingia kwenye ua wa mtu alijua majina ya wote, hadi ya mbwa, na aliuliza habari zao kana kwamba amekesha akizingoja. Kisha ungemwona anatoka na sufuria yako. Ukimdai anakupa palepale, bila ubishi wala kuona haya, na kesho anaichukua tena. Uongo wake nao ulikuwa wa aina yake. Hakudanganya kwa hila. Alidanganya pale uongo ulipokuwa mfupi kuliko ukweli. Ukweli ukiwa mfupi zaidi alikupa huo, hata kama unakata maini.

Mama yangu alipofariki, Dereva alikuja kilioni siku ya kwanza, watu bado wanaanguka chini. Alinikumbatia. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida ambayo kila mtu aliisikia, "Kitanda yake sasa nani nalala?" Shangazi yangu alimtimua kwa mwiko. Lakini yule yule Dereva alikaa siku nne kwangu, akichota maji mtoni, akipasua kuni, akihamisha viti, wakati ndugu zangu wa damu walikuwa wameshaondoka wakisema wana kazi. Baadaye nikamshukuru. Akanitazama kama mtu anayepewa zawadi ya jirani kwa makosa. "Chakula ilikuwa mingi," akasema, "na watu ilikuwa mingi. Mimi napenda."

Kisa kilichojulikana zaidi ni cha kivuli. Siku moja ya joto kali tulimkosa, na mteguaji mmoja akainua mkono bila kusema neno. Dereva alikuwa amelala usingizi ng'ambo ya mawe mekundu, hatua arobaini ndani, chini ya mti wenye kivuli kizuri. Alikuwa ametembea tu mpaka pale. Kazi yote ilisimama. Mkuu wa kikosi akamwita kwa kipaza sauti asiguse wala asisogee, na wateguaji wawili wakaanza kumfungulia njia kutoka kwetu mpaka kwake, mita moja kwa mita moja, kutoka saa tano mpaka jua lilipokuwa linalala upande wa mji. Walikuta bomu moja. Lilikuwa karibu na alama ya kiatu chake, pungufu ya kiganja. Dereva aliamka katikati ya kazi, akaketi, akawatazama huku anamenya njugu.

"Mimi nilitembea, hapana kitu," akawaambia. "Nyinyi nachelewa bure."

Mmoja wa wale wawili, Wani, alikuwa kijana mpole aliyeoa mwaka uleule. Alipomfikia, alimkumbatia Dereva na kuanza kutetemeka mwili mzima. Dereva alimpigapiga mgongoni akitutazama sisi kwa mbali, akiuliza kwa macho huyu ana nini.

Angefukuzwa siku ile. Hakufukuzwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, hakuna aliyeweza kuendesha kama yeye kwenye barabara ile wakati wa mvua. Ya pili, Keji alikwenda kwa mkuu wa kikosi, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya wanaume wote, na hakuinuka mpaka alipopewa neno.

Keji alikuwa fundi cherehani kando ya barabara, anashona sare za shule. Alimzidi ndugu yake kwa miaka minane tu, lakini ungedhani ni mama yake. Ndiye aliyerudisha sufuria za watu. Ndiye aliyeomba radhi kila ua. Ndugu yake alikuwa na macho makavu, naye Keji aliona haya ya watu wawili. Jioni ile ya kivuli nilikwenda kwake nikiwa na hasira za kutwa nzima, nikamwambia ndugu yako ni mtu mbaya, atatuulia watu. Alizima cherehani, akaingia ndani, akatoka na bahasha kubwa iliyokunjwakunjwa.

"Hapana mtu mbaya," akasema. "Ni mimi niliangusha."

Walipokimbia kwenda Uganda, Keji alikuwa na miaka tisa, naye Dereva alikuwa hajatimiza mwaka na nusu, amefungwa mgongoni mwake kwa kitambaa. Milio ya risasi ilisikika nyuma, watu wakakimbia wakiteremka kijito. Keji akateleza. Kitambaa kikafunguka, mtoto akaanguka uso mbele kwenye jiwe. Alilala siku mbili bila kuamka. Kisha akaamka, akanyonya, akacheka, na kila mtu akamshukuru Mungu. Alikua vizuri. Alitembea, akaongea, akapita darasani. Ila hakulia mwenzake alipoumia, na hakuona aibu alipokamatwa. Mama yao alipokufa kambini, alicheza mpira.

Ndani ya bahasha kulikuwa na picha ya kichwa chake, iliyopigwa Kampala kwa msaada wa padri mmoja. Hakuna aliyewahi kumweleza Keji maana yake. Nikaichukua, nikampelekea daktari mgeni aliyekuwa anafanya kazi kwenye ua mmoja wa mashirika kule mtaa wa Thongpiny. Aliiweka kwenye dirisha, akanionyesha doa jeusi nyuma ya paji la uso, pande zote mbili.

Alinieleza polepole. Sehemu ile ya mbele ya ubongo, alisema, ndiyo inayounganisha tendo na uchungu wake: unaiba, unaona sura ya uliyemwibia, kitu kinakuchoma, na mara nyingine unasita. Mtu mzima akiumia pale anaweza kuharibika tabia, lakini mara nyingi bado anayo kumbukumbu ya namna haya inavyokaa. Aliyeumia akiwa mchanga sana huenda hajawahi kujifunza. Anaweza kuzikariri sheria zote na zisimguse popote. Kisha akanionya kwa kidole. Wapo walioumia hivyo na ni watu wema kabisa, na wapo watu wabaya wenye ubongo mzima. Nisije nikaitumia picha ile kumhukumu mtu. Nikamwambia nimeelewa. Nilidhani nimeelewa.

Niliporudi na maelezo, Keji alisikiliza mpaka mwisho. Ndipo aliponishika mkono. Alishaona Juba wale wanaoitwa majnun, wenye vichwa vilivyoharibika, wakiwekwa gerezani kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuwaweka. Mwizi hupewa miezi yake akatoka. Majnun hana kesi, kwa hiyo hana siku ya kutoka. "Wewe usiseme kwa mtu hii kitu ya kichwa," akaniambia. "Wao nasema mwizi, sawa. Wao napiga, sawa. Lakini majnun, hapana." Nikaahidi.

Tangu siku hiyo nilibadilisha namna ya kufanya kazi na Dereva. Niliacha kumfokea. Nilimletea chakula ndani ya gari, nikamwekea redio, nikakaa naye nikimsimulia mambo, maana niligundua kwamba anakaa pale panapompendeza. Nilikuwa mlezi wa mtu mzima mwenye ndevu, na nilichoka. Lakini kiti hakikuwa kitupu tena mara nyingi.

Siku bomu lilipolipuka ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Bomu la ardhini halilii kama bunduki. Linatoa sauti fupi na nzito, kama mlango wa kontena unapofungwa. Filimbi ikalia. Nakiri kwamba sikumtazama kwanza aliyelipuka. Nilitazama kiti. Dereva alikuwamo, na gari lilikuwa linanguruma tayari.

Alikuwa Wani. Walimleta kwenye machela, wakipita kati ya mawe meupe kwa mwendo ule wa kujizuia ambao unamtia mtu wazimu. Mguu wa kushoto ulikuwa umekwisha chini ya goti. Niliukaza kwa mkanda juu ya jeraha, nikatafuta mshipa mkononi, vidole vinavimba, nikamvua pete ili isimkate. Ilikuwa ya shaba. Alikuwa ameichonga mwenyewe kutoka kwenye ganda la risasi, mkewe akiwa na nyingine kama hiyo. Niliiweka mfukoni mwangu tukaondoka.

Daraja la Juba wakati huo lilipitisha magari upande mmoja kwa zamu. Tulipofika, zamu ilikuwa ya wanaotoka mjini. Malori ya kwenda Uganda yalikuwa yanavuka kutujia, na askari alikuwa amesimama katikati ya njia na kibendera chekundu. Wani alikuwa ameacha kugumia, jambo baya kuliko kugumia. Nikasema, "Subiri, nitazungumza naye." Dereva hakusubiri. Alimkwepa askari, akaingia darajani.

Nilisikia askari akipiga kelele, kisha nikasikia bunduki ikikokiwa. Mbele yetu lori lilikuwa linakuja, honi mfululizo, na hakuna aliyepunguza mwendo. Nilijilaza juu ya Wani. Magari yakasimama pua kwa pua, katikati ya mto. Dereva akafungua mlango, akashuka bila haraka, akaenda mpaka kwenye dirisha la lori, akasema maneno machache akiwa anatabasamu, akarudi. Lori likaanza kurudi nyuma, na la nyuma yake pia.

"Umemwambia nini?" nilimwuliza.

"Nimemwambia kama hapana rudi, mimi nasukuma yeye kwa mto." Akaingiza gia. "Na mimi ilikuwa nasukuma kweli."

Nilimwamini. Yule wa lori naye alimwamini, na ndiyo maana Wani yuko hai. Tulipofika hospitali nilimshika Dereva mkono kwa shukrani, na kwa mazoea ya kazi vidole vyangu vikaangukia kwenye mshipa wake. Ulikuwa unapiga taratibu, kama wa mtu anayeamka usingizini. Wangu ulikuwa unanipasua masikio. Nilisimama pale nikimwogopa na kumshukuru kwa pamoja.

Kisha wakaniita ndani, mikono yangu imejaa damu na vifaa. Nikatoa pete mfukoni, nikampa Dereva. "Shika. Mke wa Wani akifika, mpe." Nilikuwa nayajua yote ninayoyajua, na bado nikampa.

Siku ya tatu mke wa Wani alitoka wodini kwenda kunywa chai langoni. Akaona pete ya mumewe kwenye kidole cha msichana anayeuza chai.

Wani alipotoka hospitali, jambo lenyewe lilifika kwa sultani, kama tunavyomwita chifu anayeamua kesi za mtaa. Kikao chake kilikaa chini ya turubai, viti vya plastiki kwa wazee, mkeka kwa wenye kesi. Kina desturi yake. Mkosaji huketi chini mbele ya aliyekosewa, husema kosa lake kwa mdomo wake, kisha huulizwa moyo wake unasemaje. Akijibu vizuri, wawili hao hunywa maji kikombe kimoja, adhabu inapunguzwa, na watu wanarudi nyumbani. Wani aliletwa na magongo yake. Nyuma yake walisimama kaka zake watatu, na hakuna kati yao aliyekubali kuketi.

"Ulichukua pete?" akauliza sultani.

"Mimi nilichukua. Nilipa ile msichana."

"Kwa nini?"

"Nilifikiri Wani atakufa. Mtu ya kufa hapana vaa pete. Ile msichana mzuri."

Watu waliguna. Wani aliinamisha kichwa. Keji, aliyekuwa upande wa wanawake, alikuwa anasogeza midomo kama anayesali.

"Sasa unamwona hapa, hakufa," akasema sultani. "Moyo wako unasemaje?"

Dereva alimtazama Wani, akautazama mguu usiokuwepo, akafikiri kwa uaminifu kabisa. Najua alifikiri, maana nilimwona akikunja uso.

"Hapana sema kitu," akajibu. "Mimi iko sawa."

Kaka mkubwa wa Wani alisogea hatua moja, na wengine wakasogea naye. Mmoja alikuwa na rungu ambalo sikuliona mwanzoni. Wazee wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Nilimtazama Keji, alikuwa ananitikisia kichwa, hapana, hapana. Mimi nikaona damu inakaribia kumwagika, na zaidi ya hapo, niseme ukweli, nikaona watu wasiojua wanachokihukumu, na mimi ninajua. Nikasimama.

Nilizungumza vizuri siku ile. Ulimi wangu haujawahi kunitii namna ile. Nikawatajia jina lake na jiwe na kijito, nikawaeleza doa jeusi na paji la uso, nikawaonyesha kwa kidole kwenye kichwa changu mwenyewe. Nikasema hajatukana mtu, amejibu kweli aliyoulizwa, ila kile wanachokitafuta moyoni mwake hakikupata nafasi ya kuota. Nikasema kosa hili si la kupigiwa mtu rungu. Wale ndugu wakaacha kusogea. Rungu likashuka. Hata Wani aliinua uso. Nilijiona nimeokoa maisha, na nikajisikia vizuri kweli.

Sultani aliniuliza kwa heshima kubwa. "Daktari, hiyo hali inapona?"

"Haiponi, mzee."

"Viboko vitamfundisha?"

"Havimfundishi."

"Kesho mtu akianguka mbele yake, atasikia uchungu wake?"

"Hapana."

"Basi wewe unatuambia tumrudishe wapi?"

Sultani hakuwa mkatili, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alikuwa amenisikiliza kuliko mtu yeyote. Akasema mwizi hupigwa akarudi kwa watu wake, lakini mgonjwa wa kichwa hukaa mahali mpaka apone, na yeye sultani hawezi kubeba roho ya atakayefuata. Barua iliandikwa palepale. Walimchukua alasiri hiyo. Alipanda gari la polisi akawauliza injini yake ni ya aina gani.

Keji alinijia baada ya watu kutawanyika. Hakupaza sauti. "Daktari, wewe umeongea vizuri," akasema. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyonipa. Kila asubuhi nilipita mbele ya cherehani yake nikamsalimia, na kila asubuhi aliendelea kushona. Nilikwenda kwa sultani kumwomba abadili, akasema barua imeshapanda juu. Nikaenda huko juu, nikaambiwa nilete cheti kwamba amepona. Nani angekiandika? Mimi ndiye niliyesema haponi. Mwishowe nikahamia mtaa wa Mangateen, nikajiambia ni kwa sababu ya kodi ya nyumba.

Gerezani sikwenda kumwona karibu miaka miwili. Nilikuwa na visingizio vingi na vyote vilikuwa vya kweli. Nilikwenda siku zile Juba yote inajiandaa kupiga kura ya kujitenga, nilipopewa kazi ya kupima kifua cha wafungwa. Walinileta mpaka ua wa nyuma wanakokaa wagonjwa wa kichwa. Alikuwa ameketi juani, mnyororo mguuni, amekonda hadi mabega yamechomoza. Kofia hakuwa nayo. Aliponiona aliinuka kadiri mnyororo ulivyomruhusu, na meno yale mazuri yakaonekana yote.

"Daktari! Wewe umenenepa!"

Akaniuliza habari za kikosi, za gari, za barabara ya Nimule kama imewekwa lami. Akaniuliza kama Wani anacheza mpira. Aliniambia chakula ni kidogo lakini watu ni wengi. Keji anakuja kila Jumapili, alisema, analeta maharage, analia, anakwenda. Niliweka kipimo kifuani mwake ili nipate sababu ya kuinama. Moyo ulikuwa unapiga taratibu. Nikashindwa kujizuia, nikaanza kulia hapo hapo, kipimo masikioni.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa. Mimi ndiye niliyekuleta hapa. Nilimwahidi dada yako, nikavunja ahadi. Naomba unisamehe."

Alinitazama kwa makini, kama alivyomtazama Wani kikaoni. "Lakini mimi hapana kasirika na wewe."

"Najua."

"Hapana kasirika hata siku moja."

"Najua. Keji amekasirika. Haongei na mimi."

"Ah," akasema. Alifikiri. Mlinzi alinigongea lango kuniambia muda unakwisha. Dereva akasogea karibu, mnyororo ukakwaruza ardhi, akashusha sauti kama mtu anayetaka kusaidia kubeba mzigo asiouona. "Wewe niambie maneno gani wewe nataka. Mimi nasema."

Nikamwambia maneno. Nilimtajia moja moja, yale ambayo ningetoa chochote kuyasikia kutoka kwa dada yake. Aliyarudia yote, taratibu, bila kukosea hata moja. Kisha akaniuliza kama yametosha, nami nikamwambia yametosha.